Ukumbi wa bastola ya upepo kwenye korido ya nyumba, Tabata: vipimo, taa na sanduku la kunasia

Kutoka Leicester

Habari za jioni wanajumuiya. Narudi nyumbani moja kwa moja mwakani. Nyumba iko Tabata, ya mtindo wetu wa zamani: korido katikati, vyumba vitatu kila upande, uani nyuma. Korido ina urefu wa mita 12.3 na upana wa mita 1.5. Nataka kufanyia mazoezi ya bastola ya upepo ya mita 10. Naomba mwongozo wa taa hasa, na sanduku la kunasia risasi ambalo fundi wa mtaani anaweza kulitengeneza. Wazee wangu shikamooni.

Kutoka Stuttgart

Marahaba mwanangu. Kabla ya taa, polisi. Hapa Ujerumani bastola ya upepo isiyozidi jouli 7.5 na yenye alama ya F mtu mzima hununua dukani bila kibali. Huko kwenu Uingereza kikomo cha bastola ni futi-pauni 6, na Scotland tangu mwisho wa 2016 wanadai leseni hata kwa hizo. Ruhusa hizo zote hazivuki mpaka. Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi. Andika barua polisi, eleza aina, kipenyo na nguvu ya chombo, upate jibu la maandishi kabla hujafunga begi. Asikudanganye mtu kwamba "hiyo ni ya kuchezea tu". Ukikuta mzigo umezuiwa uwanja wa ndege, huyo aliyekwambia hutamwona.

Silinda, yaani mtungi mdogo wa hewa wa bastola, isafiri tupu, imefunguliwa kutoka kwenye bastola, na shirika la ndege lijulishwe mapema. Angalia pia tarehe iliyogongwa kwenye silinda. Watengenezaji wengi wanaipa miaka 10.

Kutoka Tabata

Karibu nyumbani kaka. Mita 12.3 zinatosha, ila usizigawe kienyeji. Mita 10 zinahesabiwa kutoka mstari wa kusimamia hadi kwenye uso wa karatasi, siyo hadi ukutani. Nyuma ya karatasi weka sentimita 50 za sanduku, na nyuma yako zibaki mita 1.8 za kusimama na meza ya vifaa. Kitovu cha shabaha kiwe mita 1.40 kutoka usawa wa sakafu unayosimama. Sakafu za nyumba hizi zina mteremko kuelekea uani ili maji yatoke, kwa hiyo usipime kutoka sakafu ya chini ya sanduku. Piga pima maji ya bomba la plastiki toka mstarini.

Sasa hatari ya korido: milango sita inafunguka humo humo. Mtoto akitoka chumbani anakuwa katikati ya wewe na shabaha. Komeo za ndani hazisaidii, maana aliye ndani ndiye anayefungua. Weka komeo upande wa korido kwenye kila mlango ulio mbele ya mstari, hakikisha vyumba havina mtu, ndipo ufunge. Mlango wa uani ufungwe kwa kufuli na ufunguo ukae mezani kwako. Kama nyumba ina wapangaji, sahau korido, tafuta mahali pengine.

Sanduku: urefu wa kwenda juu sentimita 40, upana 40, kina 40, plaiwudi ya milimita 18. Ndani pleti ya chuma ya milimita 3 au 4, upana 40 kasoro kidogo, urefu 56, imelazwa nyuzi 45. Ukingo wa juu uwe karibu na mpigaji na wa chini uwe nyuma. Hapo risasi ikigonga inaelekezwa chini, kwenye trei yenye mchanga wa sentimita 5. Mafundi wa kuchomelea wengi wataigeuza, ukingo wa juu nyuma, kwa sababu inaonekana kama kinu. Ikiwa hivyo risasi inarushwa juu kwenye taa na dari. Simama pale hadi aweke pointi za kwanza.

Bati la geji nyembamba usikubali. Linabonyea, na kila shimo la kubonyea linarudisha risasi upande lisikotarajiwa.

Kutoka Stuttgart

Pleti ya nyuzi 45 ni sahihi ila naongeza jambo. Risasi ya kipenyo cha milimita 4.5, uzito wa gramu 0.53, ikienda mita 150 kwa sekunde ina takriban jouli 6. Ikigonga chuma kitupu inasambaratika, na sehemu yake inakuwa vumbi jepesi la madini ya risasi. Korido imefungwa, hewa haitembei. Ning'iniza mbele ya pleti tabaka mbili za kapeti kuukuu, zilegee, zisishikwe chini. Kapeti inapunguza mwendo, pleti inamalizia. Usitumie mpira wa tairi uliovutwa ukakaza: unarudisha risasi kama ulivyoipiga.

Uso wote wa sanduku kuzunguka shabaha nao uvikwe kapeti. Plaiwudi tupu inaweza kurudisha risasi iliyopotea. Miwani ya kinga kwa kila aliyemo ndani, hata mtazamaji. Na risasi ziwe za madini laini zenye pua bapa tu. Golori za chuma marufuku kwenye ukumbi huu.

Kutoka Leicester

Nashukuru sana wazee. Taa je? Korido haina dirisha, mwanga unatoka mlango wa mbele na wa uani tu.

Kutoka Kigamboni

Kaka, kutokuwa na dirisha ni bahati. Jua la saa nane mchana likipita kwenye nyufa za mlango wa uani, nyuma ya shabaha kunakuwa na mstari mweupe na macho hayatulii. Pazia zito la rangi moja litundikwe nyuma ya sanduku, lifike sakafuni.

Kanuni za mashindano ya kimataifa zinataka ukumbi wa ndani uwe na angalau laksi 300 (laksi ni kipimo cha mwanga unaofika juu ya kitu) kwa ujumla na laksi 1500 juu ya shabaha. Bora zaidi 500 na 1800. Hizo namba mbili zinategemeana. Watu hukaza taa kwenye shabaha wakaacha korido giza, ikawa kama sinema. Mboni inatanuka kwa giza, na ikitanuka huwezi kuona kilengeo cha mbele kwa ukali huku doa jeusi likiwa bado na umbo. Chumba kikiwa na mwanga mboni inabana, na kina cha vitu vinavyoonekana vizuri kinaongezeka. Kwa mwenye miaka zaidi ya arobaini tofauti hiyo si ndogo.

Hesabu ya korido: mita 12 kwa 1.5 ni mita za mraba 18. Mara 300 ni lumeni 5400 (lumeni hupima mwanga unaotoka kwenye taa) zinazotakiwa kufika chini. Kuta zikiwa na rangi ya maji nyeupe isiyong'aa, karibu nusu ya mwanga inapotea njiani, kwa hiyo nunua kama lumeni 10,800. Tyubu sita za LED za futi 4, wati 18, zenye lumeni 1800 kila moja. Soma lumeni kwenye boksi, usisome wati. Kuna tyubu zimeandikwa wati 18 na mwanga ni wa wati 9.

Zipange kwa urefu wa korido. Kati ya tyubu na tyubu ning'iniza ubao wa kukinga wa sentimita 20, umekatiza korido, ili ukisimama mstarini usione tyubu hata moja kwa macho. Huo huo ubao unakinga taa. Kuta za kijani cha hospitali au mafuta ya kung'aa zipakwe upya, zinatupa mng'ao kwenye kilengeo.

Shabaha: taa mbili za LED bapa za nje, wati 10 kila moja, lumeni 900 hivi. Moja kushoto, moja kulia, nusu mita kutoka kitovu cha karatasi, zimeinamishwa nyuzi 45. Zote mbili kwa pamoja zinafika karibu laksi 1600. Ukiweka moja tu juu, nusu ya chini ya karatasi inafifia na unaanza kupiga chini bila kujua sababu. Kila taa ikae nyuma ya kinga ya mbao yenye kapeti, mpigaji asiione na risasi isiifikie. Tyubu za zamani za kioo zenye zebaki zisikaribie huko.

Rangi ya mwanga: 4000 K (kelvin, namba ya rangi iliyo kwenye boksi). Ya njano inafanya karatasi iwe na uchafu, ile ya bluu ya 6500 inaweza kuchosha macho. Taa zote ziwe za rangi moja.

Programu ya simu ya kupimia laksi haiaminiki kwa namba kamili. Inafaa kulinganisha: weka simu kitovu, kisha kona nne za karatasi. Kona ikiwa chini ya robo tatu ya kitovu, sogeza taa.

Kutoka Tabata

Nyongeza tatu. Taa za bei ya chini zinapepesa mara 100 kwa sekunde kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 na ndani hazina kapasita ya maana. Jicho halioni lakini linachoka. Piga video ya mwendo wa taratibu kwa simu. Ukiona mistari inapita, rudisha dukani palepale. Umeme ukishuka jioni taa hizo ndizo za kwanza kucheza.

Pili, pangaboi. Likiwa chini ya taa, kivuli cha mapanga kinakata korido na unaona shabaha inatetemeka. Livue. Tumia feni ya kusimama nyuma yako, upepo uelekee shabaha, na juu ya mlango wa uani acha tundu la hewa kutoka. Vumbi liondoke kwako, lisije puani.

Tatu, umeme ukikatika: taa za volti 12 kwenye betri ya sola zinafaa sana kwa shabaha, hazipepesi. Ila mkanda wa LED ukizidi mita 5 unafifia mwishoni, ulishe pande zote mbili.

Gharama ya LUKU isikutishe. Tyubu sita na taa mbili ni wati 128. Saa nzima haifiki uniti 0.13.

Kutoka Leicester

Na karatasi za shabaha, zinapatikana Dar au nibebe?

Kutoka Kigamboni

Chapisha steshenari, karatasi ya manila, siyo ya kawaida. Ya kawaida inalegea kwa unyevu wa huku na risasi inaichana badala ya kutoboa. Waambie wasipunguze ukubwa, asilimia 100. Kisha pima kwa rula papo hapo: doa jeusi lote milimita 59.5, duara la kumi 11.5, karatasi 170 kwa 170. Mashine nyingi zinapunguza zenyewe hadi asilimia 96 au 97.

Siku ambayo huwezi kufunga korido, umbali wa mita 5 sebuleni unatosha kama sanduku na kinga ni zile zile: chapisha asilimia 50, doa liwe milimita 29.75. Kitovu kipandishwe: kama jicho lako liko mita 1.60, kwenye mita 10 unashuka sentimita 20, basi kwenye mita 5 unashuka 10, kitovu kiwe 1.50. Mkono unabaki pembe ileile. Alama usizilinganishe, maana shimo la risasi halikupungua pamoja na karatasi.

Kilengeo cha mbele kiking'aa chini ya taa hizo zote, kishike juu ya moshi wa koroboi sekunde chache, bastola ikiwa tupu na silinda imetolewa. Masizi yake ni meusi yasiyo na mng'ao hata kidogo. Yanafutika kwa kidole, kwa hiyo usikiguse.

Kutoka Stuttgart

Silinda ya hewa badala ya CO2, tafadhali. CO2 kwenye nyuzi 20 ina takriban bar 57, kwenye 30 ni 72, na korido ya Februari inapita hapo. Risasi zinapanda juu kadiri chumba kinavyopata joto. Hewa ya bar 200 kwenye bastola yenye regyuleta (kifaa cha kusawazisha shinikizo) haina shida hiyo. Waombe wenye mitungi ya kupigia mbizi, uwe na adapta yako. Pampu ya mkono bila chujio la unyevu inaingiza maji ndani ya silinda. Na mafuta ya kawaida yasikaribie vali wala uzi wa silinda: mafuta na hewa ya shinikizo vinaweza kushika moto.

Mazoezi yakiisha, nawa kwa maji baridi na sabuni, futa sakafu kwa kitambaa kibichi, usifagie. Trei ya mchanga imwagwe kwenye ndoo yenye kifuniko. Watakuja vijana kuomba yale madini wayeyushe wafanye vyubwi vya nyavu. Wakatalie, moshi wake ni sumu, na wataupikia jiko la mama yao.

Kutoka Leicester

Nimeelewa. Barua ya polisi kwanza, pleti baadaye. Kaka wa Tabata, huyo fundi wa kuchomelea unayemwamini yuko upande gani?

Kutoka Tabata

Ukifika nitakupeleka. Mbebee tu mchoro wenye mshale unaoonyesha mpigaji anasimama wapi.