Eti "hapo nyumbani hakuna kijana niongee naye?"

Mzee wa Kebo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu baadaye. Hapa nina hasira mpaka miwani imeingia ukungu.

Wale jamaa wa intaneti mnawajua. Wale wa mabango kila kona, ukichelewa kulipa siku moja wanakupigia mara tatu, ila ukiwapigia wewe unawekewa muziki mpaka unaukariri. Sasa hivi naweza kuupiga harusini.

Kompyuta yangu ya mezani haina intaneti tangu asubuhi. Natumia waya, sio waifai. WAYA. Simu zinapata waifai ya rauta hiyo hiyo, watoto wanaangalia katuni raha mustarehe, kompyuta ndiyo imenuna. Nina kazi ya kutuma kabla ya saa kumi. Nikapiga. Muziki dakika 41. Akapokea dogo mmoja, sauti imevunjika juzi.

"Umezima rauta ukawasha?" Nimezima. "Zima tena." Nikazima, watoto wakaangua kilio. "Fungua kile kidirisha cheusi, andika ipconfig." Nikaandika, herufi moja moja, kwani tulikuwa tunashindana? Nikamsomea namba iliyotokea, 169.254 na kuendelea. Kimya. Halafu, wakuu, halafu:

"Mzee, hapo nyumbani hakuna kijana niongee naye?"

KIJANA. Mimi nina miaka 46! Nimeshika kompyuta enzi za disketi, mama yake dogo huyo bado anaruka kamba shuleni. Hakuna kijana niongee naye! Na simu ilikuwa kwenye spika, wife kasikia. Mchana naomba chumvi, ananiuliza hakuna kijana aongee naye.

Na taa ya rauta ni kijani kabisa, kwa hiyo shida ni yao. Nahama kampuni leo leo.

Kiti cha Mbele

Nimeshakaa. Nani ana karanga?

Mpiga Ramli

Ila mkuu, kijana yupo au hayupo? Mbona swali hujajibu?

Mzee wa Kebo

@Mpiga Ramli wewe ndiye uliyepokea simu, nimekujua.

Koleo

Pole mkuu. 169.254 maana yake kompyuta imeomba namba ya kuingilia mtandao kwa rauta, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Simu zinapata, kwa hiyo laini ya hao jamaa ni nzima. Shida iko kati ya rauta na kompyuta. Hiyo taa ya kijani ni ipi?

Mzee wa Kebo

Ya mbele. Kubwa.

Koleo

Hiyo ni ya umeme, mkuu. Inama nyuma ya kompyuta, pale unapochomeka waya pana vitaa viwili vidogo.

Mpiga Ramli

Mwite kijana ainame.

Mama Seva

Bora wewe umeitwa mzee. Mimi kazi yangu ni kufunga mitandao maofisini, mwaka wa 9 huu. Nimewapigia, nimewaambia tatizo ni nini na liko wapi, wananijibu "dada, mume wako yupo?" Mume wangu rauta anaiita king'amuzi.

Mzee wa Kebo

Dada Mama Seva pole, ila usiniibie uzi. Mimi nimeambiwa HAKUNA KIJANA.

Ukuta Mweupe

Mnalia na simu? Kwangu fundi wao alikuja mwenyewe na drili. Katoboa ukuta, kakuta bomba. Maji yanaruka mpaka kwenye runinga, yeye anakunja ngazi: "Hayo ya maji sio idara yetu."

Kiti cha Mbele

Karanga zimeisha, leteni mihogo.

Mzee wa Kebo

@Koleo vitaa vinawaka vyote, vinazima vyote. Nikiukunja waya vinarudi.

Koleo

Waya umeliwa huo, unagusa na kuachia. Ufuate wote kwa mkono, usiruke nyuma ya kabati.

Mzee wa Kebo

Nyuma ya kabati. Meno ya panya. Plastiki ya juu yote kaila, nyuzi mbili zinaning'inia, na choo kaniachia hapo hapo.

Mpiga Ramli

Sasa yule dogo utampigia umwambie?

Mzee wa Kebo

Simpigii. Heshima ni heshima.

Koleo

Usiunge kwa selotepu. Kata pale palipoliwa, bana kichwa kipya, nyuzi 8, rangi zipangwe sawasawa na upande wa pili. Kama huna koleo la kubania, nunua waya mpya tu, yaishe.

Mama Seva

Na panya je? Huo mpya ataula wiki ijayo. Wapenda waya hao kuliko ugali.

Ukuta Mweupe

Sumu.

Mama Seva

Usithubutu! Atafia darini. Wa kwangu alifia darini, tulilala sebuleni wiki mbili, wageni tunawapokelea barazani.

Mpiga Ramli

Fuga paka.

Kiti cha Mbele

Paka gani? Wa huku Tabata panya wakipita wanampa shikamoo, anaitikia.

Ukuta Mweupe

Kwa kweli, mwenye paka wa kazi, sio hawa wa kulala kwenye kochi, anicheki inboksi.

Mzee wa Kebo

Akiwa na wawili mniambie.