Mtoto kaandika "rhinoceroses" akakoseshwa, mwalimu anataka "rhinoceri"

Wadau, nina hasira na sitazificha.

Binti yangu yuko Gredi ya 6 katika shule moja hapa Nairobi. Kwenye mtihani wa katikati ya muhula wa Kiingereza walipewa maneno waandike wingi wake. Kwa "rhinoceros" akaandika "rhinoceroses". Akachorwa X ya kalamu nyekundu, na pembeni mwalimu akamwandikia kwamba -us hugeuka -i, kwa hiyo jibu ni "rhinoceri". Jamani, neno lenyewe halina hiyo -us! Linaishia na -os. Mtu anasahihisha neno ambalo hata mwisho wake hajautazama.

Kanuni hiyo ya -us kuwa -i ni ya Kilatini, tena ya kundi moja tu la nomino za Kilatini. Ndiyo iliyotupa alumni kutoka alumnus, na stimuli kutoka stimulus. Rhinoceros asili yake ni Kigiriki, pua na pembe zimeunganishwa, na Mgiriki wa kale wingi wake angeuita rhinokerotes. Kiingereza hakikutaka taabu hiyo. Kikabandika -es kikamaliza, na wengine huliacha neno vilevile, au hulikata wakasema rhinos. Watoto wetu wanapelekwa na basi la shule kuwaona vifaru kwenye Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyo hapa hapa jijini tangu 1946, wakirudi wanaandikishwa insha juu yao, halafu anayeandika jina lao sawasawa anapokonywa alama.

Octopus nayo ni yale yale. Hiyo -pus ni mguu kwa Kigiriki, pous, na wingi wake ni podes. Kwa hiyo anayetaka kujitia usomi aseme octopodes, wala si octopi. Wingi wa kawaida ni octopuses. Najua kuna atakayeniletea picha ya kamusi yenye octopi, pengine hata rhinoceri. Sawa, kamusi huorodhesha yale watu wanayosema, na watu wamesema hivyo kwa muda mrefu. Niletee basi kamusi inayosema octopuses ni kosa. Hakuna. Nami nalalamikia hiyo X, sina ugomvi na anayependa octopi.

Lililoniuma zaidi liko kwenye kusoma kwa sauti. Kulikuwa na sentensi yenye "bases" kama wingi wa basis. Binti akatamka "beisiiz", akiivuta ile silabi ya mwisho, kama inavyotakiwa. Mwalimu akamkatiza, akamrudisha kwenye "beisizi", ambayo ni wingi wa base. Herufi ni zile zile, sauti ni mbili na maana ni mbili! Nomino hizi za -is ndizo rahisi kuliko zote kufundisha kwa sababu karibu zote zinafuata njia moja: crisis inakuwa crises, thesis theses, hypothesis hypotheses, oasis oases, diagnosis diagnoses, na zote zinamalizikia kwa "siiz". Mwalimu akilisema hili mara moja darasani, mtoto analo maisha yake yote. Lisiposemwa, ndipo tunasikia "crisises" redioni.

Za -on ndizo zinazotaka uangalifu. Criterion huzaa criteria, phenomenon phenomena. Lakini usimkaririshe mtoto kwamba kila -on ni -a, maana kwenye hisabati anaandika polygons, na akifika kwenye sayansi atakuta electrons, neno lililoundwa mwaka 1891 kutoka Kigiriki likapewa -s ya Kiingereza bila mjadala. Za -ma pia zimegawanyika. Schema ina schemata, ila hapa mjini watu wana diploma mbili tatu na sijawahi kumsikia mtu akizihesabu kwa diplomata. Ni diplomas. Neno likishazoea nyumba ya Kiingereza linavaa nguo za mle ndani, na hata sisi neno mwalimu tulilitoa kwa Waarabu tukaweka walimu bila kumwomba mtu ruhusa.

Karatasi hiyo hiyo, maagizo ya swali la mwisho yameandikwa "Which criteria is". Criteria ni wingi! Mtihani unaopima wingi umekosea wingi kwenye swali lake. Halafu tunashangaa matangazo ya kazi yamejaa "the main criteria is" na wanafunzi wa uzamili wanaandika "this phenomena" hadi kwenye tasnifu. Wameyatoa wapi kama si huku?

Niliandika kwa heshima kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa, nikaweka na picha ya ukurasa wa kamusi. Nikajibiwa kwamba wazazi tuwaachie walimu kazi yao na kwamba jibu limetoka kwenye mwongozo wa kusahihishia. Muda si muda kundi likafungwa, wakawa wanaandika maadmini peke yao. Tunalipa karo, tunanunua vitabu, tunanunua hata karatasi za kuchapishia mitihani yao, lakini kuuliza swali moja la sarufi imekuwa utovu wa nidhamu.

Ninachotaka ni kidogo. Alama za binti yangu zirudishwe, na za kila mtoto aliyeandika rhinoceroses au octopuses. Huo mwongozo urekebishwe kabla haujatumika tena muhula ujao. Na mwalimu awaambie watoto mbele ya darasa kwamba majibu yale yalikuwa sahihi, kwa sababu binti yangu sasa anaamini alikosea, na juzi amefuta jibu sahihi kwenye daftari lake akaandika "hippopotami" kwa woga wa kalamu nyekundu.

Nasikia mitihani hii hununuliwa ikiwa tayari imechapishwa, kwa hiyo huenda si shule yetu pekee. Kama mtoto wako ameletewa karatasi yenye majibu haya, weka picha hapa chini, ziba jina la mtoto na la shule. Jumatatu naenda kwa mwalimu mkuu na nataka niende na rundo.