LUKU inaisha haraka, lawama kabeba jirani mwenye friji kumbe mlaji ni mimi

Chumba_Namba_Mbili

Wakuu habari zenu. Hili naliandika huku sababu pale nyumbani siwezi kumwambia mtu.

Napanga Tabata, nyumba ya vyumba sita, LUKU moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla. Unit zikiisha kila chumba kinatoa elfu kumi, inakuwa sitini, mmoja ananunua anaingiza zile namba ishirini maisha yanaendelea. Siku zote sitini ilikuwa inatufikisha wiki tatu na siku moja hivi.

Sasa januari gesi ikaniishia, na januari mnaijua wenyewe, ada za wadogo zangu zote zilikuwa kichwani kwangu, hela ya kujaza mtungi sina. Nikachukua jiko la umeme la koili kwa jamaa mmoja, la sahani moja, nikajiambia ni la wiki mbili tu nikipata hela narudi kwenye gesi. Wiki mbili gani bwana, huu mwezi wa tano. Napika usiku watu wakishaingia ndani, maharage yanachemka hata masaa mawili mlango nimefunga pazia nimeshusha, asubuhi chai, alafu kuna na hita ile ya kuchovya kwenye ndoo ya maji ya kuoga. Sitini ikawa haimalizi hata siku kumi na saba.

Mwezi wa tatu kikaitwa kikao uani. Watu wote macho kwa dada wa chumba cha mwisho maana yeye ndo ana friji, anauza barafu na juisi za ukwaju kwa watoto wa shule. Ikapita kwamba yeye atoe kumi na tano, sisi wengine tutoe tisa tisa. Na mimi nikafungua mdomo wakuu, sijui nilitumwa na nani, nikasema "kweli friji zinakula sana". Yaani mchango wangu mimi mlaji ukashuka elfu moja na wake ukapanda elfu tano.

Ametoa hivyo mara tatu. Mwisho wa mwezi wa nne kaliuza friji, kalitoa kwa laki na themanini tu. Na umeme umeongezeka siku mbili, basi. Sasa watu wameanza kunong'ona eti lazima ana kitu kingine kakificha ndani.

Jiko nimeshaacha kutumia tangu juzi. Swali langu, niseme? Au niache kimyakimya, kila mchango niwe naongeza hela kidogo mpaka deni liishe bila mtu kujua?

msela_wa_buza

Kausha mkuu. Nakwambia kama mtu niliyeishi nyumba za hivyo miaka nane, siku ukikiri hilo jiko basi kuanzia hapo ndoo ikipotea ni wewe, kuku wa mama mwenye nyumba asipoonekana ni wewe, sabuni bafuni ikiisha ni wewe. Jiko umeacha, unit zitakaa, watu watasahau. Hiyo ya kuongeza hela ndo usithubutu, mtu anayetoa zaidi bila kuulizwa uswahilini anachunguzwa haraka kuliko asiyetoa.

Fundi Waya

Ngoja kwanza tuweke hesabu maana hapa watu wanaongea kwa hisia. Koili ya sahani moja mara nyingi ni wati 1000, ukiwasha saa moja imekula unit moja. Masaa mawili ya maharage unit mbili, chai dakika ishirini weka 0.3, hita ya ndoo wati 1500 dakika ishirini ni nusu unit. Jumla 2.8 kwa siku, mwezi 84. Unit kwa bei ya kawaida ni kama 356, kwahiyo unakula karibu elfu thelathini kila mwezi peke yako. Friji dogo linakula kama unit moja kwa siku, na lile halina siri, kila mtu alikuwa analiona. Wewe ulikuwa unakula friji tatu kasoro kidogo.

Miezi minne na nusu ni kama 135,000. Ukitoa fungu lako moja la sita, jirani zako wamekulipia kama 112,000. Na hapo sijaweka ile 1,500 ya kodi ya jengo inayokatwa humo humo kwenye LUKU ambayo kiukweli ni ya mwenye nyumba, sema hiyo tuiache.

Jingine, angalia soketi yako. Nyumba nyingi za kupanga zimevutwa waya mwembamba wa taa, unachomeka koili juu ya ekstensheni ya elfu saba. Ikianza kuwa na rangi ya kahawia pembeni au harufu, usirudie kabisa. Mngelala siku moja muamke hamna paa. Alafu mkifunga sabumita kila chumba haya maneno yote yanaisha.

Mama Wawili

Mimi nilikuwa huyo dada. Sio wa friji, wa maji. Mwanza, tulikuwa na simtanki moja, nina mtoto mchanga nafua nepi kila siku, maji yakawa yanaisha wakasema ni mimi. Nikaambiwa nifue mara mbili kwa wiki. Nepi!! Baadae fundi akaja akakuta bomba linavuja chini kwa chini nyuma ya choo. Unajua walifanyaje? Waliacha kunisema. Hivyo tu. Hakuna hata mmoja aliyesimama uani pale pale waliponisemea akasema jamani tulimwonea. Nimehama mwaka wa sita huu bado nikikutana na mmoja wao sokoni naona anafikiria lile la maji.

Kwahiyo kaka yangu hizo elfu mbili mbili utakazokuwa unachomekea zinamsaidia nini yeye? Bado anaitwa mla umeme, na friji hana.

msela_wa_buza

Dada wewe unaongea kama huyo jamaa ana pa kwenda akifukuzwa. Kodi Tabata unaijua? Wanataka miezi sita mbele.

Mama Wawili

Na friji likiuzwa laki na themanini unajua dukani linarudi kwa shingapi?

Mzee wa Kariakoo ya zamani

Kijana, hapo umebeba haki ya mja. Ukimkosea Mola unatubu kwake usiku peke yako, lakini ya mtu mpaka yeye mwenyewe aseme nimekusamehe. Ila usianzie kwenye kikao. Anza kwake yeye, mlangoni kwake, mchana, tena sio na hela mkononi maana ataona unamnunua. Kikao kitafuata.

Chumba_Namba_Mbili

Narudi kutoa mrejesho. Nilisoma zote, ya fundi sikulala, na soketi kweli ina rangi ya kahawia.

Jana jioni nikaenda kwake, alikuwa anachambua mchele mlangoni. Nikaanza kuzungukazunguka, shikamoo haiwezekani maana ni rika langu, nikasema mambo, nikasema jua leo kali. Akaniangalia tu. Nikasema lile swala la umeme ni mimi. Hata mikono hakusimamisha, akaniambia "najua". Nikauliza tangu lini, akasema tangu mwezi wa pili, "harufu ya maharage saa tano usiku inatoka chumbani kwako, na mtungi wako uko nje umelala tangu mwaka mpya, mimi mjinga?"

Nikamuuliza sasa mbona hukusema kwenye kikao. Akasema mwenye friji ni mimi, ningesema nani angeniamini, wangeona nimebanwa natafuta wa kumtupia. Alafu akasema kilichomuuma sio wale wengine, ni mimi nilivyosema friji zinakula sana, alisubiri nione aibu nikaongea kabisa.

Nimeomba msamaha. Hajasema amenisamehe, kasema "twende kwenye kikao kwanza". Tumekubaliana ile kumi na tano aliyotozwa zaidi namrudishia mwisho wa mwezi, na ya friji tutaongea. Wale wengine wanne nitawasomea hesabu ya fundi kama ilivyo, wakisema nilipe nalipa, wakisema nihame sijui.

Nilipanga iwe jumapili watu wote wakiwepo. Ila asubuhi hii nimepita kwenye mita, unit zimebaki 11, kwahiyo kikao ni kesho kutwa.