Je, kipimo cha DPPH kinatosha kusema unga wa mlonge hutibu uvimbe?

Mkaushaji_Singida
Habari zenu, wataalamu. Kikundi chetu cha akina mama hukausha majani ya mlonge kivulini na kuyasaga. Tulipeleka sampuli maabara, tukapewa cheti kinachosema kuwa majani yetu yana nguvu kubwa ya antioksidanti (kemikali zinazozuia uharibifu wa oksidisho mwilini) kwa kipimo cha DPPH. Baadhi yetu wanataka tuandike kwenye pakiti kwamba unga huu hutibu uvimbe wa viungo, kwa kuwa wazee wetu waliutumia hivyo, na wengine wanasita. Je, cheti hicho kinathibitisha jambo hilo?

Mkemia_Moro
Hakithibitishi, dada. DPPH ni kemikali ya zambarau inayogeuka njano inapopewa elektroni au hidrojeni, na spektrofotometa, mashine ya kupima rangi kwa mwanga, husoma rangi iliyopotea kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 517. Namba ya IC50 ni ukolezi unaotosha kupunguza kemikali hiyo kwa nusu, kwa hiyo namba ndogo ndiyo yenye nguvu. Katika kipimo hicho hamna seli wala damu, na hata chai ya rangi ikipimwa huifuta zambarau hiyo vizuri sana. Angalieni kama cheti kinaonyesha vitamini C iliyopimwa sambamba kama kilinganishi, na kama majani yalilowekwa katika methanoli (pombe ya maabara yenye sumu), maana wateja wenu wanakunywa maji, si methanoli.

Mtafiti_wa_Seli
Naongezea upande wa uvimbe. Kipimo cha kawaida hutumia seli za kinga za panya ziitwazo RAW 264.7, ambazo huchokozwa kwa LPS, yaani kipande cha ukuta wa bakteria, kisha kwa kemikali ya Griess hupimwa nitriki oksaidi zinayotoa, gesi inayohusika na uvimbe. Hapa ndipo wengi hudanganyika: seli zilizokufa hazitoi nitriki oksaidi, hivyo sumu yaweza kuonekana kuwa dawa. Ripoti isiyoonyesha kipimo cha uhai wa seli, kama vile MTT, mimi siisomi hadi mwisho. Baada ya hapo hufuata panya, ambao wayo wao huvimbishwa kwa karajinani, dutu itokanayo na mwani mwekundu, na kulinganishwa na waliopewa indomethasini, dawa ya uvimbe. Hata matokeo hayo si ushahidi kwa goti la binadamu, kwa sababu kwesetini, mojawapo ya antioksidanti za mlonge, hubadilishwa sana na utumbo na ini kabla ya kufika kwenye damu.

Mkaushaji_Singida
Nashukuruni sana. Basi neno "hutibu" tutaliacha. Tukipata fedha za kipimo kingine, tupeleke majani mabichi au unga?

Mkemia_Moro
Pelekeni unga wenyewe, na muombe uandaliwe kwa maji ya moto kama mnavyowaelekeza wateja. Jani bichi likipondwa, kimeng'enya chake huvunja glukomoringini, kemikali iliyomo ndani ya mlonge, na kutoa isothayosayaneti, kampaundi ambayo watafiti wengi wa uvimbe huifuatilia; maji yanayochemka huua kimeng'enya hicho. Kwa hiyo majibu ya jani bichi hayatakuwa majibu ya bidhaa yenu. Na iwapo siku moja mtataka kuiuza kama dawa ya asili, waoneni kwanza Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kabla ya kuchapisha pakiti.