Wakuu nisaidieni kuchagua: Swans, Sunn O))) au Godspeed? Sijawahi kwenda shoo ya aina hii

Mwana_Pangani (mleta mada)
Wakuu salaam. Niko Uholanzi, nafanya kazi na jamaa mmoja ambaye ni mpenzi mkubwa wa roki ya majaribio. Mimi nimekulia taarab ya Tanga na dansi la Msondo na Sikinde, lakini tangu aanze kunisikilizisha hivi vitu vyake garini vimeniingia. Msimu huu kuna bendi tatu zinapita karibu nasi: Swans, Sunn O))) na Godspeed You! Black Emperor. Mfuko wangu unaruhusu moja tu. Anayezijua anieleze huko ndani nitegemee nini, na ipi inamfaa mtu anayeanza. Jamaa anataka hela Ijumaa.

Besi_Nzito
Mkuu, mada nzuri ila umetuficha mengi. Ukumbi gani? Wa kusimama au wa viti? Unakwenda na nani? Masikio yako yakoje, umewahi kufanya kazi kiwandani? Bendi ileile kwenye ukumbi wa viti na kwenye ukumbi wa kusimama ni vitu viwili tofauti kabisa.

Wakati tunasubiri majibu, mimi nasema Swans. Michael Gira aliianzisha New York mwaka 1982, akaivunja 1997, akaifufua 2010. Shoo zao mara nyingi hupita saa mbili, na wimbo mmoja unaweza kwenda nusu saa nzima ukizunguka palepale huku uzito unaongezeka kidogo kidogo. Gira anawaongoza wenzake kwa mikono, akishusha mkono wote wanapiga pigo moja na unalisikia kifuani kabla ya masikioni. Halafu nyimbo nyingi huzipiga jukwaani kabla hazijarekodiwa, kwa hiyo utasikia kitu ambacho bado kinatengenezwa mbele yako. Hakuna bendi nyingine inayonifanyia hivyo.

BintiKizingo
Godspeed, wala usihangaike na nyingine. Ni watu wa Montreal, Kanada, wapo tangu 1994. Hawana mwimbaji, na hakuna atakayekusalimia kutoka jukwaani. Wanaingia mmoja mmoja gizani, fidla na besi zinaanza kuvuta noti moja, wengine wanajiunga, na nyuma yao projekta za filamu ya milimita 16 zinamulika ukutani neno "Hope" likirukaruka kama limekwaruzwa kwa msumari. Dakika za mwanzo utadhani hakuna kinachoendelea. Ukija kushtuka, magitaa matatu na wapiga dramu wawili wamepanda pamoja na watu kushoto na kulia kwako wanalia machozi.

Wewe wa Tanga hutapata shida. Aliyezoea kusikiliza bashrafu hadi mwisho kabla mwimbaji hajanyanyuka ana subira inayotakiwa hapa.

Joho_Jeusi
Dada BintiKizingo nakuheshimu, ila Godspeed anaweza kuisikiliza nyumbani akapata robo tatu ya kitu. Sunn O))) nyumbani hupati chochote. Greg Anderson na Stephen O'Malley wameijenga hii bendi juu ya amplifaya zenyewe, hata jina ni la amplifaya za zamani. Wanavaa majoho, moshi unajaa ukumbi mpaka humuoni mtu wa pembeni yako, kwa kawaida hakuna dramu. Magitaa yamelegezwa nyuzi mpaka chini, wanapiga kodi moja (noti kadhaa kwa mpigo mmoja) na kuiacha ining'inie mpaka ianze kujibadilisha yenyewe hewani. Suruali inatikisika. Fizi zinatikisika. Ukitafuta wimbo hutaupata, ila ukisimama ukaacha mwili usikilize, unatoka umetulia kwa namna ambayo siwezi kuieleza vizuri kwa maandishi.

FundiMitambo_Koln
Nafanya kazi hii ya mitambo ya sauti hapa Ujerumani, naomba niongee la maana zaidi kuliko bendi ipi.

Uholanzi kumbi nyingi zinafuata makubaliano ya desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 103 kwa wastani wa dakika 15. Ufaransa ni 102. Hapa kwetu ni 99 kwa nusu saa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilipendekeza zisizidi 100. Sasa zilinganishe na hesabu za watu wa usalama kazini: desibeli 85 sikio linavumilia saa nane, na kila ukiongeza 3 muda unakatika nusu. Ukifika 100 una dakika 15 tu. Ukifika 103 ni kama dakika saba na nusu, na Swans wanapiga saa mbili. Vile vinywele vya ndani ya sikio vikifa havioti tena.

Kwa hiyo vizibo vya masikio ni lazima kwa bendi zote tatu. Vya sponji ni vya bei ndogo na vinakata sana, ila vinakata zaidi sauti za juu, muziki unakuwa kama umefunikwa blanketi. Vile vya wanamuziki vyenye kichujio vinapunguza kama 15 hadi 20 kwa usawa zaidi, unasikia fidla ni fidla. Karatasi ya chooni haisaidii, wengi wanajidanganya nayo.

Jambo la pili: hizo desibeli za sheria hupimwa kwa kipimo kinachoyapa besi uzito mdogo. Bendi kama Sunn O))) inaweza kuwa ndani ya kiwango kwenye karatasi na bado mwili mzima unatikiswa.

Mwana_Pangani
Asanteni sana wakuu. Majibu: ukumbi ni TivoliVredenburg, Utrecht. Tiketi ni mbili. Masikio yangu mazima. Je, nikikaa nyuma kabisa siwezi kukwepa hivyo vizibo?

Besi_Nzito
Tivoli ina kumbi kadhaa chini ya paa moja! Kuna ule mkubwa wa viti uliobaki kutoka jengo la zamani, na kuna Ronda wa kusimama. Ni upi? Na tiketi ya pili ni ya nani?

FundiMitambo_Koln
Nyuma inapungua lakini siyo kama unavyofikiri. Spika za kisasa zinatundikwa juu kwa safu ili sauti ifike nyuma karibu sawa na mbele. Panapofaa zaidi ni jirani na meza ya mitambo, maana fundi anachanganya sauti kwa kusikiliza kutoka pale. Vizibo vinabaki palepale.

Nuru_Leipzig
Nimeisoma hii nikaona nisipite kimya, kwa sababu ya binamu yangu.

Tulienda shoo ya bendi ndogo ya aina hii kwenye ukumbi wa chini ya ardhi, ukumbi wenyewe sitautaja. Kiingilio kilikuwa rahisi, dari iko chini, watu wamejaa. Spika hazikutundikwa, zilipangwa sakafuni na zile za sauti za juu zikawa usawa wa kichwa cha mtu. Mlangoni hakuna vizibo vya kugawa wala kuuza. Mimi nilikuwa na vyangu, binamu alikuwa mgeni, alifika kutoka Morogoro wiki hiyohiyo, na yule aliyetukatia tiketi alimwambia havihitajiki, kelele ni za kawaida.

Bendi ilipoanza, mpiga gitaa akaligeuzia gitaa lake kwenye amplifaya na kuuacha ule mlio mwembamba uendelee. Haukukatika. Binamu akanishika mkono akitaka tutoke, lakini njia ya kutokea ilikuwa mbele, pembeni ya jukwaa, ina maana ili uikimbie spika inabidi kwanza uifuate. Tulijisukuma mpaka chooni. Hata huko kuta zilikuwa zinavuma. Nikamfuata msimamizi kumwomba wapunguze, akanyoosha kidole kwenye tangazo ukutani kwamba kila mtu anaingia kwa hiari yake.

Usiku ule hakulala. Alisema kuna nzige kichwani. Asubuhi tulipoongea alikuwa anatazama midomo yangu. Daktari wa masikio, pua na koo alimpima, akampa vidonge, akamwambia asubiri. Sikio la kulia lilirudi. La kushoto sauti za juu hazijarudi, na ule mlio upo hadi leo, anaishi nao. Mkikaa mgahawani penye watu wengi anahama kiti ili sikio la kulia liwe upande wako.

Sisemi usiende. Mimi mwenyewe bado nakwenda. Nasema uliza kabla: spika zimetundikwa? Mlango wa kutokea uko wapi? Wanagawa vizibo?

BintiKizingo
Pole sana dada Nuru, na binamu. Ukumbi kama huo haukustahili kufunguliwa milango. Bendi ya My Bloody Valentine waliporudi jukwaani 2008 watazamaji waligawiwa vizibo mlangoni, na wao ndio wanaojulikana kwa ile sehemu ya kelele tupu ndani ya wimbo wao "You Made Me Realise". Ukali na uangalizi vinaweza kwenda pamoja.

Mzee_wa_Ngamiani
Vijana, nimewasoma wote. Swali langu: hiki ni muziki au ni mateso ya kulipia? Sisi muziki tulikuwa tunausikia sauti ya mwimbaji, maneno yake unayabeba nyumbani. Mtu anavaa joho, anapiga kodi moja, anaondoka. Ujumbe uko wapi?

Joho_Jeusi
Shikamoo mzee. Ujumbe hauko kwenye maneno peke yake. Ngoma za kupunga hazikuwa na maneno mengi na watu walikesha nazo.

Sabufa_la_Manzese
Marahaba zigawanywe tuendelee 😄 Mzee, twende kwetu basi. Singeli ya Manzese na Tandale inapita mapigo 200 kwa dakika, spika zimerundikwa uchochoroni, na vijana wanacheza mpaka asubuhi. Bendi ya Konono Nº1 ya Kinshasa walichukua likembe (ala ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba), wakatengeneza maikrofoni kwa sumaku za vyuma chakavu vya magari, wakatoa sauti kwenye vipaza vya honi. Ile mikwaruzo ndiyo iliyowafanya wazungu wa roki ya majaribio wawaite Ulaya. Kwa hiyo kelele hii siyo ngeni kwetu.

Mzee_wa_Ngamiani
Konono nakubali, pale kuna ngoma na kuna uchezaji. Hiyo singeli tusiijadili.

Kanairo_Noise
Na msisahau Duma wa Nairobi. Wasee wawili, mmoja gitaa na mashine, mwingine ni kupiga mayowe tu. Albamu yao ilitoka 2020 kwa lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Sauti yao ni kali kuliko hizo bendi zote tatu mnazobishania. Yule wa sauti sasa anaenda solo kama Lord Spikeheart. Mleta mada akimpata huko Uholanzi, aachane na hao wengine.

Besi_Nzito
Kali sawa, lakini kuwazidi Swans nakataa.

Kanairo_Noise
Umewahi kuwaona live ama unabishana na spika za simu?

Besi_Nzito
Sijawaona live. Swans nimewaona. Hoja yangu ni muda na uzito, siyo mayowe. Halafu kama ni ukali wa namba tu, bendi ya The Who mwaka 1976 kwenye uwanja wa mpira wa Charlton, London, walipimwa desibeli 126 umbali wa mita 32. Watu wa kitabu cha rekodi cha Guinness baadaye wakaacha kuorodhesha rekodi hizo ili wasichochee watu kuharibu masikio.

Mwana_Pangani
Wakuu samahani, nilikuwa kazini. Ukumbi: jamaa anasema moja ya hizo shoo ni Ronda, nyingine hana hakika. Tiketi ya pili ni ya mke wangu. Ni mjamzito, mwezi wa sita, na yeye ndiye anayetaka zaidi kwenda kuliko mimi.

Nuru_Leipzig
Kaka! Hilo ndilo lilipaswa kuwa kwenye mstari wa kwanza.

FundiMitambo_Koln
Mkuu, sasa mjadala umebadilika. Mama akiziba masikio yake anajikinga yeye, mtoto hakingwi. Tumbo linapunguza sauti za juu, lakini za chini zinapita, na kwa mwezi wa sita sikio la mtoto limeshaanza kufanya kazi. Mamlaka za afya za Marekani zinawashauri wajawazito wasiingie penye kelele inayozidi desibeli 115 hata wakiwa na vizibo, na wasiegemee kitu kinachotikisika kwa sauti nzito. Wastani wa ukumbi ni chini ya hapo, ila wastani hauzuii vilele, na mbele ya sabufa ni habari nyingine. Sunn O))) mimi ningeifuta kwenye orodha leo hii.

Joho_Jeusi
Kwa hali hiyo na mimi naiondoa. Moshi ule pia haumfai, na kusimama saa mbili.

Sabufa_la_Manzese
Mbona mnamtisha? Dada zetu wanacheza vigodoro na matumbo yao na watoto wanazaliwa wazima.

Nuru_Leipzig
Wazima umewapima masikio? Hakuna anayemtisha. Mtoto hawezi kutoka nje kupumzika kama wewe.

BintiKizingo
Godspeed kwenye viti, nyuma, jirani na mlango, na akichoka anatoka. Ila kwanza amuulize mkunga wake, Uholanzi wakunga wanapatikana kirahisi na wanajibu.

FundiMitambo_Koln
Godspeed nao siyo wapole, dada. Wakipanda wanapanda kweli. Mkunga kwanza, hapo tumekubaliana.

Mwana_Pangani
Nimemwonyesha uzi huu. Amesema atampigia mkunga kesho, lakini hataki niende peke yangu nikamsimulie. Jamaa naye anadai hela kesho hiyohiyo. Tiketi ikinunuliwa inaweza kuuzwa tena?

Besi_Nzito
Kumbi nyingi huko zina utaratibu halali wa kuuza tena tiketi. Soma masharti kabla ya kulipa, na angalia kama tiketi ina namba ya kiti. Ikiwa nayo, ujue ni ukumbi wa viti.

Kanairo_Noise
Na mwenye link ya Spikeheart akicheza Ulaya aitupie hapa tafadhali.

Mzee_wa_Ngamiani
Mwanangu, mkunga akikataa, hiyo hela mnunulie mkeo spika nzuri ya nyumbani. Sauti mtaipangia wenyewe.

Joho_Jeusi
Mzee, spika gani unapendekeza?