Naomba ushauri: Mbeya – Lilongwe – Lusaka – Livingstone – Harare kwa gari dogo, siku 9

Mama Wawili (Forest, Mbeya)
Wakuu, habari za kwenu. Likizo ya mwezi wa sita tunataka kutoka na watoto, mmoja ana miaka 9 na mwingine 13. Gari ni RAV4 ya petroli, cc 2000, otomatiki, tangi lita 60, barabara ndefu inakwenda kilomita 10 kwa lita. Mpango: siku ya kwanza Mbeya hadi Lilongwe, ya pili Lusaka, ya tatu Livingstone, halafu Harare siku mbili, turudi kwa Tunduma. Siku 9 jumla. Hatujawahi kuvusha gari mpaka wowote. Tuandae nini, na hili suala la mafuta Malawi likoje?

Dereva IT
Dada, siku ya kwanza hiyo haifiki. Mbeya hadi Kasumulu, mpakani na Malawi, ni kama kilomita 115, Kasumulu hadi Karonga 50, Karonga hadi Mzuzu 220, Mzuzu hadi Lilongwe 360. Hizo ni 745, na katikati kuna mpaka. Toka Uyole mpaka Tukuyu ni kona, rasta na vibao vya 50 kila kijiji, kwa hiyo hiyo 115 peke yake ni saa mbili na nusu.

Halafu kuna jambo la saa. Malawi na Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja. Ukivuka Kasumulu saa 4 asubuhi, kwao ni saa 3, unajiona umezawadiwa muda. Jioni unanyang'anywa: mwezi wa sita Lilongwe jua linazama kama saa 11 na nusu kwa saa yao. Usiku ile barabara ina baiskeli zisizo na taa, waenda kwa miguu, mbuzi na malori yaliyoharibika ambayo alama yake ni matawi ya mti yaliyotupwa barabarani. Panga kuwa umeegesha saa 11 jioni kwa saa yao, kila siku, bila mjadala.

Harare iondoe. Kwa siku 9 hata Malawi na Livingstone kwa pamoja ni mbio za bure.

Wakala wa Kasumulu
Naongezea ya mpakani. Mtanzania haombi viza ya Malawi wala Zambia, ila kila mtoto awe na pasipoti yake, na ziwe na zaidi ya miezi sita kabla ya kuisha. Beba vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kama mzazi mmoja anabaki nyumbani, beba barua yake ya ridhaa iliyogongwa muhuri wa wakili.

Gari: kadi halisi, si nakala. Hapa ndipo wengi wanakwama. Kama gari lina mkopo, kadi iko benki, na barua ya benki haitoki kwa siku moja. Kama kadi ina jina la mtu mwingine, hata la mume, na yeye hayumo safarini, unahitaji barua yake ya idhini yenye namba ya gari, namba ya chesisi, jina la dereva na nchi mnazokwenda.

Bima: mwambie wakala wako wa bima akupe kadi ya njano ya COMESA (soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika) juu ya bima uliyonayo. Tanzania si mwanachama wa COMESA lakini imo kwenye mpango huo wa bima. Kabla hujatoka ofisini kwake, soma: Malawi na Zambia zote ziwemo, na tarehe ivuke siku mnayotarajia kurudi. Kadi hiyo inalipa madhara kwa watu wengine. Gari lako mwenyewe likiumia huko, bima kubwa ya nyumbani haikufuati mpaka uwe umeomba iongezwe kwa maandishi.

Mpangilio wa madirisha: uhamiaji wetu, forodha yetu gari liandikwe kuwa linatoka kwa muda, kisha uhamiaji wa Malawi, kisha forodha yao wakupe kibali cha muda cha gari, kile wanachokiita TIP. Soma namba ya chesisi na tarehe ya mwisho ukiwa bado umesimama dirishani. Na siku ya kutoka Malawi kuingia Zambia, pale mpaka wa Mchinji, TIP ifungwe. Watu wanagonga pasipoti, wanaona geti liko wazi, wanapita. Kwenye mfumo wao gari linabaki ndani ya Malawi, na safari inayofuata unadaiwa maelezo au faini.

Zambia kuna TIP yao, kodi ya hewa ukaa inayopangwa kwa cc za injini, ada ya barabara na ushuru wa halmashauri. Kila kimoja kina risiti yake. Weka zote kwenye bahasha moja, kwenye vizuizi vya barabarani wanaziomba.

Na wewe wa Mbeya najua utataka kujaza buti ndizi za Tukuyu na viazi vya Isongole. Acha. Mazao bila cheti cha afya ya mimea yanaishia mpakani.

Mzee wa Ramani
Mafuta ndiyo yanayoamua safari hii, wengine wanaanzia kwenye hoteli. Malawi imekuwa na uhaba wa mara kwa mara tangu 2022 kwa sababu ya upungufu wa fedha za kigeni. Siku nyingine sheli zinauza kawaida, siku nyingine foleni inalala. Kwa hiyo usipange kana kwamba yapo, wala kana kwamba hayapo.

Piga hesabu na mimi. Jaza tangi kwenye sheli za mwisho upande wetu. Una lita 60, yaani kilomita 600. Kasumulu hadi Mzuzu ni 270, kwenda na kurudi 540. Maana yake hata Mzuzu nzima ikiwa kavu, unarudi nyumbani kwa mafuta yako mwenyewe. Lakini Mzuzu hadi Chipata ya Zambia, kupitia Lilongwe na Mchinji, ni kama 505, na ukiwa Mzuzu tangini umebakiwa na lita 33 kama mlima wa Chiweta, kati ya Karonga na Mzuzu, haujakula zaidi. Unahitaji kuongeza angalau 25 ili upumue.

Basi Mzuzu ndipo pa kuamua. Na sharti moja: usishuke Nkhata Bay kabla hujapata mafuta. Ni kilomita 50 tu, zinaonekana kidogo, ila kwenda na kurudi zinakula lita 10, na kurudi Kasumulu kunahitaji 27. Umebaki na 23. Umejifunga mwenyewe ufukweni. Jaza kwanza, ndipo watoto wakaoge ziwani. Siku mbili zikipita Mzuzu bila mafuta, geuza, rudi Mbeya, ingia Zambia kwa Tunduma.

Ndiyo sababu nasema Malawi iwe mwanzo, si mwisho. Ukitokea Chipata kurudi Kasumulu una kilomita 775 mbele yako na tangi la 600.

Dumu halikuokoi. Wakati wa uhaba sheli hukataa kujaza madumu, na kuvusha petroli kwenye dumu kunazua maswali forodhani, mbali na hatari ya mvuke ndani ya gari lenye watoto. Petroli za chupa barabarani ziache. Ikichanganywa na mafuta ya taa, injini inagonga mlimani.

Fundi Mwanjelwa
Mama Wawili, breki kwanza. Isongole iko juu ya mita 2,200, Kyela iko karibu na mita 500. Huo mteremko unaanza kabla hujachoka, ukiwa na watu wanne na mizigo. Mafuta ya breki hunyonya unyevu. Yakikaa miaka mitatu bila kubadilishwa, yakipata joto la mteremko maji yale yanachemka, yanakuwa mvuke, na pedali inazama mpaka sakafuni bila breki kushika. Fungua kifuniko uangalie: mapya yana rangi ya asali nyepesi, ya zamani yana rangi ya chai ya rangi. Badilisha yote, si kuongezea, tumia aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, fundi atoe hewa magurudumu yote manne. Pedi zikiwa chini ya milimita 4, weka mpya. Kwenye mteremko weka gia 2 au L, breki iwe ya kugusa na kuachia.

Tairi: tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zaidi ya miaka sita, hata kama kashata (meno ya tairi) bado nene, usiende nalo Bonde la Luangwa. Spea nayo ikaguliwe, hiyo ndiyo inayosahaulika mpaka siku ya pancha.

Kulanti safi, kifuniko cha rejeta chenye mpira mzima, mkanda wa feni usio na nyufa. Beba pembetatu mbili, kizima moto, vizibao vya kuakisi, stika za kuakisi, nyeupe mbele na nyekundu nyuma, na stika ya EAT, alama ya gari la Tanzania.

Mama Wawili
Asanteni sana. Baba watoto amepata siku 12. Harare imetoka. Sasa zikaeje?

Dereva IT
Siku ya 1 Mbeya–Mzuzu, 385, toka saa 11 alfajiri. Ya 2 mafuta, halafu Nkhata Bay. Ya 3 Nkhata Bay–Lilongwe, 410. Ya 4 Lilongwe–Chipata, 145 tu, lakini ina mpaka, na mchana uliobaki pumzisha gari. Ya 5 Chipata–Lusaka, 570. Daraja la Luangwa lipite mchana, kona na malori si vya mchezo. Ya 6 Lusaka mlale, mfue. Ya 7 Livingstone, 475. Ya 8 na 9 maporomoko ya Victoria. Ya 10 Lusaka. Ya 11 Lusaka–Mpika, 640, ndiyo siku ngumu kuliko zote, mtoke kabla ya jua. Ya 12 Mpika–Tunduma–Mbeya, kama 490. Jumla karibu 3,600. Ukiweka mizunguko ya mijini, bajeti ya mafuta iwe lita 420.

Trafiki wa Malawi na tochi zao za kupima mwendo hukaa palepale kibao cha 50 kinapoanza, kwenye kila senta ndogo. Punguza kabla ya kibao.

Dada wa Soweto
Livingstone: mwezi wa sita maji bado mengi, tofauti na Oktoba na Novemba ambapo upande wa Zambia mwamba unabaki mtupu. Mkitaka kuona upande wa Zimbabwe acheni gari, vukeni kwa miguu daraja la 1905 na pasipoti zenu. Mtanzania hahitaji viza kule, na mnakwepa TIP na bima ya nchi ya tatu. Simu muifunge kwenye mfuko wa plastiki, ule mnyunyizo ni mvua kamili.

Karonga Kinyakyusa kinawafikisha, Wangonde ni ndugu. Ila usibishane nao kama ziwa ni Nyasa au Malawi.

Mama Wawili
Fedha je? Kwacha ni ileile?

Wakala wa Kasumulu
Hapana, ni fedha mbili zenye jina moja, na ya Zambia ina thamani kubwa zaidi kwa mbali. Hapo ndipo wajanja wa mpakani wanapotapeli watu. Zambia ilikata sifuri tatu mwaka 2013, kwa hiyo noti ya maelfu ya kwacha ya Zambia ni karatasi. Mwaka 2025 wakatoa noti mpya, zikiwemo za 200 na 500. Badilisha kidogo dukani au benki, si kupitia dirisha la gari, na anayekubadilishia mkabidhi shilingi zako ukishamaliza kuhesabu zake. Dola chache za noti safi ziwepo kwa ajili ya ada.

Wakati wa kurudi, pale Nakonde, upande wa Zambia wa mpaka wa Tunduma, msijipange nyuma ya malori. Ile foleni ni ya mizigo. Gari dogo linapita pembeni taratibu mpaka getini, na taratibu za kutoka Zambia na kuingia nyumbani zinamalizikia upande wa Tunduma. TIP ya Zambia iwe mkononi, si ndani ya begi chini ya buti.