Naomba ushauri: klipu za waya wa winchi zimeteleza

Wakuu, heshima kwenu. Niko Tanga, pale Deep Sea. Tunapandisha boti kwa winchi ya mkono na waya wa 12 mm. Juzi kitanzi cha mwisho wa waya kilianza kujivuta, mkia (ncha fupi iliyokunjwa kurudi) ukachomoka kwenye klipu ya kwanza, yaani kibanio kinachoshika kitanzi, boti ikarudi nyuma kama mita mbili hivi. Kwa bahati hakuna aliyekuwa nyuma yake, ila kijana wangu mpaka leo hataki kushika winchi.

Nilipokagua nikakuta klipu mbili tu, tena moja imeelekea huku na nyingine kule. Ninavyojua mimi, tandiko (kile kipande kinene cha klipu anacholalia waya) linakaa upande wa waya unaobeba mzigo, bolti ya U inabana mkia, na zote zinaelekea upande mmoja. Waya wa 12 mm unataka klipu 3, mkia urudi kama sentimita 30, halafu nati zikazwe upya baada ya mvuto wa kwanza. Fundi aliyefunga anasema "kaza tu, inatosha". Sikubishana naye, ni mtu mzima.

Sasa naomba msaada. Dukani kuna klipu za kusubu (chuma cha kumimina kwenye kalibu), bei chee, na za kufuliwa (chuma cha kupigwa nyundo kikiwa cha moto), ghali. Kwa chumvi hii ya bahari, za kufuliwa zenye zinki zinadumu kweli? Na spana ya kupima mkazo sina, ninyi mnajuaje nati imefika? Kipande cha waya kilichobanwa vibaya kimepondeka, nataka kukikata kabla ya kufunga upya. Kuna aliyewahi kukiacha kikamletea balaa?